Marumaru, kochi au ngazi? Njia nne za kulinda viungo vya papi nyumbani, uchague inayoendana na nyumba yako

Nyumba nyingi zinazojengwa Kigoma mjini sa hivi, kuanzia Katubuka mpaka Gungu na kule Mwandiga, zinapigwa marumaru zile za kung'aa, halafu mtu analeta papi mdogo ndani, papi anakimbilia mlangoni, miguu ya nyuma inatawanyika, anakaa chini bila kupenda na watoto wanacheka. Baada ya wiki mbili hivi mwenye mbwa anaanza kuulizia, eti ninunue zulia, au niweke geti, au fundi anitengenezee kaubao ka kupandia kochi, au nimwache tu akae nje kama mbwa wa zamani walivyokaa?

Zote nne ni njia nzuri na zote zina watu wake. Ila hazifanyi kazi moja, na hapo ndo hela inapotea, yani mtu anatandika zulia sebule nzima wakati shida ya mbwa wake ilikuwa kuruka kutoka kwenye kochi, zulia halijamsaidia chochote. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha tuelewane kwanza tunalinda nini.

Viungo vya papi vinaharibikaje

Mifupa ya papi bado ina sehemu laini za gegedu karibu na ncha zake, hapo ndo mfupa unapoongezeka urefu. Kwa mbwa wa maumbo madogo hizo sehemu zinafunga akiwa na miezi 6 mpaka 12 hivi, kwa wale wakubwa inaweza kufika mpaka miezi 18. Kabla hazijafunga, zikiumia vibaya mguu unaweza kukua umepinda.

Sasa mbwa wadogo wa kuzaliwa wadogo, kina Chihuahua, Pomeranian, Maltese, Yorkshire na Poodle wale wadogo, wana mambo mawili yao. La kwanza ni pia ya goti, kale kamfupa ka mbele ya goti, kutoka kwenye njia yake, utamwona anatembea vizuri halafu ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, anaushusha anaendelea kama hamna kitu. Hiyo mara nyingi ni maumbile, kazaliwa nayo, marumaru haijaileta ila kuteleza kila siku hakumsaidii. La pili ni mifupa ya mikono ya mbele, ni myembamba sana karibu na kifundo na damu inayofika pale ni kidogo, kwa hiyo ikivunjika inachelewa kuunga. Na inavunjikaje? Kuruka kutoka kwenye kochi, kitanda, au kuchoropoka mikononi mwa mtoto. Vitu vya kawaida kabisa.

Mbwa wakubwa wanaokua haraka, German Shepherd kwa mfano, wasiwasi wao mkubwa ni nyonga. Kuna utafiti wa Norway uliotoka 2012, walifuatilia mbwa karibu 500 wa aina nne kubwa tangu wakiwa watoto, wakaona waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kufika miezi mitatu walikuwa kwenye hatari zaidi ya nyonga mbovu, na wale waliokuwa wanacheza nje bila kufungwa kamba hatari yao ilikuwa ndogo zaidi. Ni mbwa wakubwa hao, usiuchukue mzima mzima kumwekea Maltese wako, lakini unakupa picha kwamba ngazi na kucheza havihesabiki pamoja, kimoja ni cha kupunguza na kingine cha kumpa.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiangalia kwa mambo haya: inazuia nini hasa (kuteleza, kuruka, au ngazi), gharama na kama inapatikana huku kwetu bila kuagizia Dar, usafi maana papi anakojoa popote, na kazi inayokuangukia wewe kila siku. Mwisho naweka inamfaa nani.

Njia ya 1: Kufunika sakafu

Inazuia nini. Kuteleza tu. Ngazi haigusi, na kwenye kuruka inasaidia kidogo sana, maana mbwa wa kilo mbili akianguka vibaya kutoka kitandani zulia jembamba halitamwokoa.

Gharama na upatikanaji. Hapa pana mengi, na si kila kinachotandikwa kinashika. Mkeka wa ukindu ni rahisi, upo sokoni, ila juu ya marumaru unateleza wenyewe na papi akianza kung'ata pembe unaisha mwezi huohuo. Blanketi la mtumba ndo baya kuliko yote, linakimbia na mbwa juu yake, bora hata marumaru tupu. Kapeti la plastiki lile la kukatiwa kwa mita linafunika eneo kubwa kwa hela kidogo lakini angalia uso wake, yale laini yenye maua yakilowa yanateleza vilevile, tafuta lenye mikwaruzo ukipitisha kidole. Zulia la mtumba lenye manyoya mafupi ni zuri, ukikuta lenye vitanzi vitanzi liache, kucha zinanasa humo na mguu unajipinda. Vile vipande vya sponji vya watoto vyenye meno ya kuunganisha na herufi vinashika na ni laini, shida papi anavila, na kipande cha sponji kikimezwa kinaweza kuziba utumbo. Mwisho kuna raba nzito, ile ya kuwekwa mlangoni au ya kukata vipande, inashika kuliko vyote na haikimbii, sema haipendezi sebuleni na ikiwa mpya inanuka.

Jaribio la kupima ni rahisi, vaa soksi, simama juu ya hicho ulichonunua halafu usukume mguu kwa nguvu. Kikitembea kwako kitatembea kwake.

Na wala si lazima ufunike nyumba nzima, watu wengi wanajiumiza hapo. Papi ana njia zake, kutoka anapolala kwenda kwenye bakuli, kwenda mlangoni, na pale anapogeukia akisikia geti la nje linagongwa. Tandika njia hizo na mbele ya kochi, basi. Mchana joto likipanda utamkuta ameacha zulia lako la hela amelala kwenye marumaru tupu, mwache, kulala hakuumizi viungo, kukimbia ndo kunaumiza.

Usafi. Hapa ndo njia hii inaposhindwa. Zulia linakunywa mkojo na linafuga viroboto, sponji mkojo unapita kwenye maungio unakaa chini unaoza kimyakimya. Raba na kapeti la plastiki ni maji na sabuni tu.

Na kwa nyumba zenye watu wanaoswali, ambazo Ujiji na Kigoma nzima ni nyingi, mikeka ya swala iwekwe mbali kabisa, na hicho kipande cha mbwa kiwe na rangi yake ambayo hakuna atakayekosea. Ukiliweka sawa hilo mapema hamtagombana.

Kazi. Kutandika mara moja, kuosha kila mara.

Inamfaa nani. Mwenye marumaru au sementi iliyopigwa niru ikang'aa, mwenye papi anayetembea huru ndani. Kama nyumba yako ni zile za zamani za Tabora zenye sakafu ya sementi ya kukwaruza, ruka hii njia, hela yako iende kwingine.

Njia ya 2: Geti au kona yake

Inazuia nini. Ngazi kwa uhakika, na kuruka kama kochi na kitanda viko upande wa pili wa geti. Kuteleza inategemea sakafu ya hapo ulipomfungia, ukimfungia kwenye marumaru bado anateleza, tena kwenye eneo dogo anageuka geuka zaidi.

Kigoma mji wenyewe umekaa kwenye vilima, nyumba nyingi unashuka ngazi tano sita kutoka kibarazani mpaka uani, na kwa papi wa kilo moja na nusu kila ngazi moja inamfika kifuani. Mtu mzima hazioni kabisa. Kwa hiyo ngazi za kibarazani ndo nazichukulia kwa uzito zaidi kuliko sebule.

Gharama na upatikanaji. Fundi seremala yeyote anakutengenezea, mbao za kawaida zinatosha, usikubali kuuziwa mninga kwa geti la miezi minane. Kipimo muhimu ni nafasi kati ya fito, pima kwa kichwa cha papi wako siku hiyohiyo maana kichwa kikipita mwili unafuata, na kikinasa ni balaa. Fito zisimame wima, zikilala anapanda. Wengine wanazungushia makreti ya soda yaliyojazwa mchanga wanapata kona safi kabisa bila fundi, haipendezi ila inafanya kazi.

Usafi. Nzuri kuliko zote. Mkojo unakuwa sehemu moja, unajua pa kudeki, na kumfundisha haja kunakuwa rahisi.

Kazi. Hapa kuna mtego. Geti linategemea kila mtu nyumbani kulifunga, na kwenye nyumba yenye watoto watano na wageni wanaoingia na kutoka, litaachwa wazi tu, asikwambie mtu. Pia papi aliyefungiwa siku nzima misuli yake haijengeki, na misuli ndo inayoshika goti na nyonga mahali pake. Kona ni ya wakati hupo au unapika, si ya kuishi. Akianza kurukia geti akisimama kwa miguu ya nyuma kila akikuona, ujue anakaa humo muda mrefu mno.

Inamfaa nani. Nyumba yenye ngazi, mtu anayeshinda kazini, na nyumba ambayo kuna chumba mbwa hatakiwi kuingia kabisa.

Njia ya 3: Ubao wa mteremko au ngazi fupi kwenye kochi na kitanda

Inazuia nini. Kuruka, basi. Ila kwa wale wadogo wa kuzaliwa hilo moja ndo kubwa, maana mkono wa mbele unavunjika kwa mruko mmoja tu.

Gharama na upatikanaji. Ubao mmoja, kipande cha zulia au raba juu yake, gundi na misumari. Kosa la mafundi ni kufanya mteremko mkali ili usichukue nafasi. Urefu wa ubao uwe mara tatu ya kimo cha kochi au zaidi, kochi la sentimita 45 lipate ubao wa mita moja na sentimita 35 hivi, na kama sebule haina nafasi hiyo fanya ngazi mbili pana badala ya mteremko. Ubao usiofunikwa kitu ni marumaru nyingine iliyoinama. Upana umtoshe kugeuka, na ukiukanyaga usicheze.

Ambaye hana hela ya fundi, godoro la zamani la inchi nne likikunjwa mbele ya kochi linapunguza kimo cha kushukia na linapokea akianguka. Simpo tu.

Usafi. Kawaida, kipande cha juu kiwe cha kutoka uoshe.

Kazi. Kumfundisha. Papi hajui ubao ni wa nini, ukimwekea tu ataruka pembeni yake mpaka uchoke. Inabidi umshushe kwa kipande cha chakula, polepole, mara nyingi kwa siku, na kila mtu nyumbani amshushe hivyohivyo. Siku moja mtoto akimwita "njoo njoo" kutoka sebuleni atasahau yote. Mimi naona kwa papi wa chini ya miezi minne hii njia peke yake haitoshi, akili bado, ni bora kochi asipande kabisa au abebwe. Kubeba nako kuna namna, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, asiinuliwe kwa mikono ya mbele kama wanavyofanya watoto, na mtoto mdogo akitaka kumshika akae chini sakafuni kwanza.

Inamfaa nani. Mwenye mbwa mdogo ambaye tayari ameshazoeshwa kochi au kulala kitandani na hamna namna ya kumrudisha. Kwa mbwa wa kienyeji anayelala chini, huu ubao ni pambo.

Njia ya 4: Kumpa muda mwingi nje, kwenye udongo

Inazuia nini. Haizuii, inajenga. Udongo na majani vinashika, papi anakimbia, anageuka, anachimba, anapanda kamteremko kadogo, na misuli inakua. Ukirudi kwenye ule utafiti wa Norway, hiki ndo kitu kilichoonekana kuwa upande wa faida.

Gharama. Bure, kama una ua.

Usafi, na hapa pana maneno kidogo. Papi ambaye hajamaliza chanjo asitoke nje ya ua wako, virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua papi, vinakaa kwenye udongo miezi mingi na ukiangalia kwa macho huoni kitu. Chanjo zake za utotoni zinarudiwa mpaka afike wiki 16 hivi. Kupe wapo, hasa mvua zikianza Novemba. Na funza, kwenye vumbi kavu papi anapata funza kwenye nyayo kama watoto wetu wanavyopata, kwa hiyo akianza kuchechemea kabla hujasema ni goti mlaze chali uangalie katikati ya vidole na chini ya kucha. Mara nyingine jibu liko hapo na ni la dakika tano. Ukimpeleka ufukweni, Kibirizi au Bangwe, mchanga ni laini kwa viungo lakini unachosha haraka na pana nyuzi za nyavu na ndoano, iwe muda mfupi na umtazame.

Kazi. Kuwa naye. Nje bila mtu anacheza na mbwa wakubwa wa jirani, na mbwa wa kilo 25 akimkanyaga hakuna tofauti na kuanguka ngazi. Acha aamue mwenyewe kasi yake, akikaa chini amechoka, usimvute kamba. Kukimbia naye barabarani au kumrushia mpira mpaka anageuka kwa breki, hayo yasubiri akomae.

Inamfaa nani. Mwenye ua uliozungushiwa na mtu nyumbani mchana. Aliyepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi itamwia ngumu.

Vitu ambavyo hakuna njia kati ya hizo itakayovifidia

Uzito. Pitisha vidole ubavuni, mbavu uzihisi bila kubonyeza. Kuna Labrador 48 walifuatiliwa Marekani maisha yao yote, nusu wakipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, matokeo yalitoka 2002, waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi na ugonjwa wa viungo ukawachelewa. Papi mnene anapendeza kwenye picha tu.

Kucha. Zikigonga sakafu ukisikia tak tak, ni ndefu, na mbwa mwenye kucha ndefu anasimamia kucha badala ya nyayo, kwa hiyo hata raba nzuri haimsaidii sana. Kata kancha tu kila wiki mbili tatu, na wale wenye manyoya punguza manyoya katikati ya vidole. Ukiniuliza mimi, hili lifanyike kabla hujatoa hata shilingi ya zulia.

Chakula. Ugali mtupu au nyama tupu bila mifupa vyote havina kalsiamu ya kutosha, mifupa inakuwa laini. Dagaa wetu wanasaidia maana wanaliwa na mifupa yao, waloweke chumvi itoke kama ni wa chumvi, usage, uchanganye. Ila anayekula chakula cha dukani kilichoandikwa ni cha papi asiongezewe unga wa kalsiamu kwa kukisia, hasa mbwa mkubwa, kuzidisha kunaharibu mifupa hiyohiyo unayoilinda.

Sasa wewe uko wapi

Una papi wa aina ndogo, marumaru nyumba nzima, hela ni ya kitu kimoja mwezi huu: angalia anashinda wapi. Kama anapandishwa kochi, anza na kuzuia kochi au godoro mbele yake, marumaru ifuate. Kama hapandi popote, kata kucha halafu vipande vya raba kwenye njia zake.

Nyumba ina ngazi za kibarazani na papi ni wa aina kubwa, chini ya miezi mitatu: geti kwanza, umbebe kushuka wakati bado anabebeka, na muda wa uani kila siku. Ubao wa kochi sahau.

Unashinda kazini na nyumbani hamna mtu: kona yenye sakafu inayoshika, njia ya kwanza na ya pili kwa pamoja kwenye eneo dogo, inakuwa hata bei rahisi kuliko kufunika sebule. Ukirudi jioni, nje.

Umepanga, mwenye nyumba hataki misumari wala gundi: raba nzito za kuwekwa tu na makreti. Vyote unahama navyo.

Nyumba ina watoto wengi wadogo: usitegemee geti, litaachwa wazi. Funika sakafu, na weka sheria moja tu ya nyumba, mbwa anashikwa ukiwa umekaa chini.

Mbwa wa kienyeji anayelala nje kwenye udongo: huhitaji karibu chochote hapo juu, angalia funza, kupe, chanjo na mbavu.

Na papi ambaye tayari anachechemea zaidi ya siku moja, au analia ukimgusa mguu, au mguu haugusi chini kabisa, huyo si wa kulinganishiwa zulia na geti, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umrekodi video kwa simu anavyotembea nyumbani ukamwonyeshe daktari, maana akifika pale kwa woga atatembea vizuri. Dawa zako za maumivu usimpe, diclofenac na ibuprofen zinachoma tumbo na figo za mbwa, na Panadol inaweza kumharibu ini mpaka afe kwa kiasi ambacho wewe unaona ni kidogo.